Kunazi za Wazungu

Kwenye tafrija ya kuniaga, kijana mmoja wa timu yetu aliniuliza ni mti gani nimeushika zaidi katika miaka yangu yote ya kutunza bustani za umma hapa London. Nilikuwa na keki mdomoni, nikaishia kunyoosha kidole dirishani. Nje ya dirisha kulikuwa na maegesho ya magari, kwa hiyo sidhani alielewa. Acha nimjibu sasa, na ninyi wengine mnaoanza kazi hii msome mkipenda. Sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo havikunifundisha kitu, na mshahara mnaujua.

Mti wenyewe ni hothoni. Ndivyo Waingereza wanavyouita, na sijawahi kusikia jina lake la Kiswahili, ila lile alilolitunga mama mmoja ambaye nitamfikia baadaye. Ni mti mdogo wa miiba, na mmeuona hata kama hamjui kuwa mmeuona. Ndio unaozunguka viwanja vya mpira kuanzia Kilburn hadi Kenton, ukajaa maua meupe mwezi wa tano na matunda madogo mekundu kabla ya baridi kuingia. Kiswahili hapa kinanipa kazi kidogo, kwa sababu kuna ua wa kuzungushia na kuna ua la kunusa. Hothoni ni vyote viwili, isipokuwa hilo la pili usilinuse kwa karibu. Maua yake yana harufu nzito, kama nyama iliyosahaulika jikoni.

Nilizaliwa Limuru, ambako boma letu lilizungushiwa kayaba, ule mti wa miiba mirefu unaozaa matunda ya njano makali kama ndimu. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza kazini, niliposikia kwamba tunakwenda kushughulikia ua wa miiba, nilijiona mtaalamu tayari. Msimamizi wetu alikuwa Donal, mtu wa Ireland aliyekuwa akiishi peke yake kwenye fleti ya kupanga Kilburn. Alikuwa mrefu, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa majira yote, na kwapani hakukosa thamosi. Alinipa glavu, akanionyesha tawi. Nililishika kama nilivyozoea kushika kayaba, na mwiba ukapita kwenye glavu ukaingia kidoleni.

Donal hakusema pole. Alisema, "Haya, sasa mmejuana."

Yeye ndiye aliyenifundisha kulaza ua. Najua siku hizi wengi wenu mmepewa mashine ya kukatia, mnapita nayo juu kama kinyozi mwenye haraka. Mashine hukata juu tu. Baada ya miaka kadhaa ua hubaki na nywele kichwani na miguu mitupu, mbwa na watoto wanapenya chini wapendavyo. Kulaza ni kazi ya majira ya baridi, miti ikiwa imelala na ndege hawana viota. Unachukua shina karibu na ardhi, unalikata kwa mshazari kwa panga fupi lenye ncha iliyopinda kama mdomo wa kasuku, unaendelea hadi libaki gome na ubao mwembamba tu, kisha unaliinamisha polepole likalala juu ya jirani yake. Halijafa. Maji yanapita kwenye ule ukanda mwembamba, na majira ya joto yakifika machipukizi yanatoka chini kabisa, pale ulipokata. Mara ya kwanza nilikata shina moja hadi likabaki mkononi mwangu kama fimbo. Donal aliitazama, akasema ni fimbo nzuri, na akaendelea na kazi yake.

Kweli ni fimbo nzuri. Ubao wa hothoni ni mgumu ajabu. Zamani walitengeneza mipini ya zana na fimbo za kutembelea, na moto wake ni mkali kuliko wa miti mingi. Donal alijua haya yote bila kusoma popote, kwa sababu alikulia shambani. Majani yalipoanza kufunguka mwanzo wa machipuko, alichuma manne matano, akatafuna, akanipa na mimi. "Kula. Sisi tulikula haya tukienda shule, na mkate." Ladha yake ilikuwa ya majani tu, na nyuma yake kitu kama karanga mbichi. Sikuona cha kusifu, lakini kila mwaka tangu siku ile nimekuwa nikiyala.

Kulikuwa na hothoni mmoja uliosimama peke yake pembeni mwa uwanja wa mpira. Meneja aliagiza ukatwe ili uwanja upanuliwe. Kwao Donal, hothoni unaosimama peke yake haukatwi. Una wenyewe, watu wadogo wasioonekana, na atakayeukata atajuta. Donal hakubishana na meneja. Siku ya kwanza msumeno ulikataa kuwaka. Wiki iliyofuata mvua ilikuwa kubwa mno, kwa maelezo yake. Mimi nilikuwa pale na sikulowa. Mwishowe alichukua rangi nyeupe akapiga mistari ya uwanja upya, upande ule ukaingia ndani hatua chache. Wachezaji hawakugundua, na meneja hakuwa mtu wa kutembelea viwanja.

Nilimuuliza, "Kweli unaamini hayo mambo?"

"Siamini hata kidogo," alisema. "Lakini kuukata siwezi."

Kwetu mugumo, ule mti mtakatifu wa Wakikuyu, haukatwi vilevile, na nina wajomba wasioamini chochote ambao hawangeugusa kwa shoka. Sikumuuliza zaidi.

Sasa yule mama. Ilikuwa wakati wa majani kupukutika, matunda yameiva, nami nilikuwa nikifagia njia ya bustani moja upande wa Kenton. Nilimkuta mama wa Kihindi, mtu mzima, mtandio kichwani, amesimama kando ya ua na mfuko, anachuma. Nilimwambia kwa Kiingereza, kwa adabu, aangalie miiba. Alinitazama, kisha akatazama jina lililoshonwa kwenye jaketi langu.

"Wambui," akasoma. "Wewe u Mkenya?"

"Ndiyo, mama. Wa Limuru."

"Basi mbona wanisemesha Kizungu?"

Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa, laini, kikanifanya nijisikie kama nimeingia sebuleni kwa mtu na buti za matope. Buti za matope nilikuwa nazo kweli. Alikuwa Bi Sakina, mzaliwa wa Kibokoni. Yeye na mumewe walihamia huku wakiwa vijana, wakafungua duka la vitambaa, na mumewe alikuwa amefariki miaka michache kabla ya hapo kwa maradhi ya moyo. Alinitia tunda moja kiganjani.

"Hizi ni kunazi," alisema. "Kunazi za Wazungu. Sema tu hazina utamu wa zetu."

Nilionja. Nyama kidogo, ya unga unga, kama tofaa lililokaa sana, na kokwa kubwa ndani. Alikuwa sahihi, hazikuwa na utamu. Kumbe hakuwa akizila hivyo. Alizichemsha na tofaa chungu, akazichuja kwa kitambaa, akatia sukari zikawa jamu nyekundu inayopitisha mwanga. Nyingine alizipika achari kwa pilipili na siki. Mwanangu yeyote wa kazini anayetaka kujaribu, asikilize: kokwa hazitafunwi wala hazisagwi, si nzuri kwa tumbo la mtu. Zitoe. Na usichume ua wote, waachie ndege, maana wao hawana duka jingine mwezi wa kwanza.

Nilimjulisha kwa Donal, na wakaelewana mara moja, kila mmoja na Kiingereza chake. Walikuwa na jambo moja la kuzungumza, nalo halikuisha. Donal alimweleza kuwa mama yake alikuwa akimpa baba yake chai ya maua na majani ya hothoni moyo ulipomrukaruka, na kwamba nchi nyingi za Ulaya watu wa zamani waliujua mti huu kama dawa ya moyo na ya presha. Bi Sakina naye akamweleza kuwa dukani Wembley ameona vipande vikavu vya tunda la hothoni wa Uchina, lenye umbo kubwa zaidi, ambalo Wachina hulitumia tumbo likilemewa na nyama. Donal akamwonya kuhusu maua: kwao hayaingizwi nyumbani kamwe, huleta kifo, mama yake angemfukuza mtu na maua yake mkononi.

Nilidhani Bi Sakina angecheka. Hakucheka.

"Kwetu maiti huoshwa kwa maji ya majani ya mkunazi," alisema. "Sishangai."

Mwezi wa tano uliofuata alimkaushia Donal maua ya chai. Aliyaanika kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, hakuyapitisha mlangoni hata mara moja, kwa heshima ya mama yake Donal ambaye hakuwahi kumwona. Kabla ya kumpa, alimuuliza mbele yangu kama anatumia dawa zozote za hospitali. Mumewe alikuwa ametumia nyingi, na alijua dawa hazipendi kuchanganywa ovyo. Donal akasema hatumii kitu, yeye ni mzima kama ng'ombe. Bi Sakina akampa mfuko. Kuanzia hapo thamosi ya Donal ikawa na chai ya rangi ya njano, yenye harufu ya nyasi. Alinionjesha. Nilirudi kwenye chai yangu ya maziwa.

Kisa kigumu kuliko vyote nilivyokutana navyo kazini hakikuwa cha mti. Kilitokea majira ya baridi, tukilaza ua nyuma ya uwanja wa watoto, bustani ile ile ya Kenton. Kwa majuma kadhaa Donal alikuwa mzito. Alisimama sana, akajifanya anatazama kazi. Thamosi ilikuwa inaisha kabla ya mchana, na mwenzangu mmoja kazini aliniambia Donal ameanza kuja na mbili. Asubuhi ile aliinama kukata shina, kisha akakaa chini, kwenye matope, taratibu, kama mtu aliyeamua kupumzika. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu.

Nilipiga magoti mbele yake. "Donal, unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nipe chai yangu."

Bi Sakina alikuwa kwenye matembezi yake ya asubuhi, akatuona, akaja kwa haraka kuliko nilivyojua anaweza. Alimshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo.

"Moyo wake wapiga polepole mno," aliniambia. "Ita ambulensi."

Nilipokuwa nikipiga simu, Donal alikuwa amefungua thamosi na kujaza kikombe. Bi Sakina alikitwaa mkononi mwake bila kunyang'anya, kama unavyochukua kikombe kwa mtoto. "Hakuna kunywa kitu mpaka daktari aseme," alimwambia. Hakuwa akijua lolote wakati ule. Ni busara ya mtu aliyewahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Nilipanda naye ambulensi. Hospitalini muuguzi alimvua jaketi, na kwenye mfuko wa ndani akakuta pakiti za tembe, mbili, zimetumika nusu. Tembe za moyo. Nilikuwa nimefanya kazi na mtu huyu kwa miaka, najua anaogopa mbwa gani na anapenda biskuti gani, na sikuwa najua kuwa ana ugonjwa.

Daktari aliyekuja alikuwa mwanamke kijana, nywele amezifunga kwa mpira, macho ya mtu aliyeanza zamu jana. Alisoma majina ya tembe, akamtazama Donal.

"Zaidi ya hizi, kuna kitu kingine unachotumia? Dawa ya dukani, ya asili, chochote?"

"Hapana," Donal alisema.

"Hata chai ya majani?"

"Nakunywa chai kama watu wote."

Nilimtazama. Alinitazama na kutikisa kichwa, kidogo sana, kiasi kwamba daktari hakuona. Ninyi mliokulia katika familia kama zetu mnajua kichwa kile. Mamangu alikuwa na kichwa kile kila alipokwenda kliniki na chupa ya mizizi imefichwa kwenye mkoba. Mambo ya nyumbani hayapelekwi hospitali. Na huyu hakuwa mamangu, alikuwa msimamizi wangu, mtu aliyenifundisha kila nilichojua kwa mikono yangu, ananiomba kitu kimoja tu.

Kwenye mashine iliyokuwa kando yake, ile namba ya mapigo ya moyo ilishuka tena.

"Anakunywa chai ya hothoni," nilisema. "Ya maua na majani. Thamosi nzima kila siku, na majuma haya ameongeza."

Daktari hakucheka. Aliacha kuandika, akavuta kiti. Aliuliza ni kwa muda gani, kali kiasi gani, na kama ameongeza tembe vilevile. Kisha alimwambia Donal maneno ambayo nimeyarudia kwa watu wengi tangu hapo.

"Mti huu nimewahi kuusoma. Sikuambii ni upuuzi. Unagusa moyo na unaifungua mishipa, na tembe zako zinafanya kazi pale pale. Ukivichanganya, moyo unaweza kupunguzwa kasi na presha ikashuka kupita kiasi. Siwezi kukuhakikishia kuwa chai peke yake ndiyo iliyokuangusha leo. Lakini kama nisingejua, ningebadilisha tembe tu nawe ungeendelea na chai yako, na hapo sijui tungekuwa wapi."

Akaondoka kubadilisha maagizo yake. Donal aligeuza uso ukutani.

"Nilikufundisha kazi," alisema. "Hiyo sikukufundisha."

Nilirudi kwangu Wembley kwa basi, nikapitiliza kituo.

Kesho yake nilikwenda tena baada ya kazi, nikamkuta Bi Sakina ameshafika, chombo cha khichri, wali laini wa choroko, mapajani, ameshaelezwa habari za tembe. Alikuwa akizungumza naye kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Bwana Donal, nilikuuliza kama watumia dawa za hospitali."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia nini?"

Donal alivuta blanketi hadi kidevuni.

"Waliniambia hapa una mwaka na zaidi unazitumia. Nami nikakukaushia maua kwa mikono yangu hii. Mume wangu nimemzika kwa moyo. Ulitaka nikuzike na wewe, halafu nikae Kenton nikijua nilikusaidia kufa?"

"Sikufikiria hivyo."

"Najua hukufikiria." Alifungua chombo, akampa kijiko. "Kula, kabla hakijapoa."

Donal alikula. Machozi yalimtoka, akasema ni pilipili. Khichri ya mgonjwa haiwekwi pilipili, lakini sote wawili tulikubali kuwa labda imezidi.

Kwangu mimi haikuisha kwa khichri. Walimwekea kifaa kidogo kifuani cha kusaidia mapigo, wakampangia tembe upya, na baada ya mapumziko akarudi kazini kwa kazi nyepesi, maana yake kusimama na kutuambia tunakosea wapi. Mimi aliniambia maneno ya lazima tu. Kamba. Nyundo. Hapo. Nilimwelewa, na bado iliniuma. Nilipanga maneno ya kujitetea nikiwa kwenye treni, nikafika kazini nikayaacha kwenye stoo pamoja na mkoba. Sikuwa na la kujitetea. Ningeulizwa tena, ningesema tena.

Siku moja wakati wa chakula alikuja akakaa kwenye benchi nililokaa, upande wa pili, akafungua sandwichi yake.

"Alhamisi nina kliniki," alisema, macho kwenye sandwichi. "Wananiuliza maswali mengi. Wewe una mdomo. Njoo."

Tulikwenda kwa basi. Njiani, bila kuulizwa, alinieleza kwamba alipofika London akiwa kijana alikwenda kwa daktari kwa maumivu ya kifua, akamweleza kuhusu chai ya mama yake. Daktari yule alitoka akamwita mwenzake, akamwambia Donal arudie. Wakacheka wote wawili. Mama yake alikuwa amezikwa majuma machache kabla. "Tangu siku ile," alisema, "hospitali nawapa ya hospitali, na ya mama nabaki nayo." Nilitaka kumwambia pole, nikakumbuka kuwa huyu si mtu wa kupewa pole. Nikamwambia tumefika kituoni, tushuke.

Kwenye kliniki walipomuuliza kama kuna kitu kingine anachotumia, alininyooshea kidole gumba. "Muulizeni huyu." Nikafungua mkoba nikatoa chupa ya jamu ya Bi Sakina, maana tulikubaliana kuuliza kila kitu. Mfamasia, mzee mmoja mpole, aliigeuza geuza kwenye mwanga. Chai, alisema, basi. Na dawa yoyote ya hothoni ya matone au vidonge ya dukani, basi vilevile, maadamu yuko kwenye tembe hizi. Jamu je? Alifungua akanusa. Kijiko kwenye mkate mara moja moja, kwa hali ya Donal, hakuwa na neno nacho. "Hiki ni chakula," alisema. "Kwenye faili nitaandika anapenda jamu." Na kweli aliandika. Donal alitoka pale ametanua kifua kama mtu aliyepewa nishani.

Niliendelea kwenda naye kliniki kila alipoitwa, hadi alipostaafu. Hakuniambia kamwe kwamba nilifanya vyema. Ila majira ya baridi yaliyofuata, tulipofika kwenye sehemu ya ua tuliyoiacha siku ile, alinipa nianze shina la kwanza, akasimama karibu bila kunisahihisha. Kwa Donal hiyo ni hotuba.

Alipostaafu alihamia kwa dada yake, magharibi mwa Ireland. Kila mwezi wa tano alinipigia simu kushindana nami: maua yao yametoka au bado, yetu je? Alidanganya tarehe, nina uhakika. Alifariki baada ya miaka mingi, akiwa mzee sana, kitandani kwake, asubuhi, jambo ambalo yeye angeliita uvivu. Dada yake alinipigia. Nilikwenda kwa Bi Sakina, tukala mkate na jamu jikoni kwake bila kusema mengi, kisha tukaanza kukumbuka ile mistari ya uwanja tukacheka hadi mjukuu wake akashuka ngazi kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo jibu la swali la kijana yule ni hothoni. Na kama mtachukua jambo moja kwangu mbali na jinsi ya kushika panga, liwe hili: watu watawauliza. Ukivaa jaketi la bustani, watu huamini unajua dawa zote zinazoota. Watakuuliza kama hii ni nzuri kwa moyo, ile kwa sukari, nyingine kwa usingizi. Usiwacheke, kwa sababu wakichekwa hawatasema tena popote. Na usijifanye mganga.

Wiki iliyopita mimi na Bi Sakina tulikwenda Kenton kuchuma. Sasa anatembea kwa mkongojo, na miguu yake inataka kupumzika kila benchi, lakini macho yake bado yanaona tunda lililoiva ng'ambo ya ua. Tulikuwa tumejaza nusu ya mfuko alipokuja msichana wa timu mpya, jaketi lake bado lina mikunjo ya pakiti. Hakunijua, na sikuona sababu ya kujitambulisha. Alituambia kwa Kiingereza kuwa matunda yale hayaliwi.

Bi Sakina akamjibu kwa Kiswahili, sijui alijuaje kuwa anakielewa. Alimweleza jamu, achari, kokwa, ndege, yote, bila kupumua. Msichana alisikiliza, tabasamu likamjia taratibu. Alielewa kila neno. Alijibu kwa Kiingereza kuwa wazazi wake ni watu wa Nakuru, wanaishi Kilburn, na kwamba mtandaoni amesoma mti huu unashusha presha. Baba yake ana presha. Je, ni kweli? Ampelekee?

Bi Sakina alinitazama, akarudi kuchuma.

"Baba anatumia tembe gani?" nilimuuliza.

Alisema hajui. Hajawahi kuuliza, baba yake si mtu wa kuzungumza mambo hayo. Nikamwambia ampigie. Alisita, akatazama huku na huku aone kama msimamizi yuko karibu, kisha akavua glavu akatoa simu.

"Baba," alisema, na Kiswahili kikamtoka kizima, cha Nakuru kabisa, "zile tembe zako za presha zinaitwaje? Hapana, hakuna kitu. Nataka tu kujua."

Upande wa pili tukasikia droo ikifunguliwa, na sauti ya mzee ikaanza kumsomea majina, polepole, herufi moja moja.